Siku Niliponyamaza Kando ya Shuka

Jumamosi, 18 Mei 1935. Saa kumi na mbili jioni.

Mvua ya alasiri imepita na ukungu umeshuka juu ya chai. Kutoka dirishani sizioni nyumba za vibarua, nasikia sauti zao tu, na moshi wa kuni mbichi unaingia chumbani kwangu. Kuna baridi. Mwandiko wangu leo si mzuri.

Mambo yalivyoisha ninajua tayari, lakini sitaandika hapa juu. Nimejifunza kwamba anayetaja mwisho mwanzoni hupoteza watu wake, na nilijifunza hivyo kwa aibu.

Basi nianze na hiyo aibu.

Niliajiriwa katika shamba hili kwa majaribio ya miezi mitatu, na majaribio yanaisha Jumatatu. Mimi ni karani na mkalimani wa Bwana mdogo, msaidizi wa meneja. Yeye anasema Kiingereza, mimi nawageuzia manyapara na vibarua kwa Kiswahili. Nilisoma misheni kule kwetu ziwani mpaka darasa la mwisho walilokuwa nalo, na Kiswahili nilifundishwa na mwalimu aliyetoka pwani, mtu mkali, aliyetuchapa vidole kwa rula kila tuliposema "kitu inaanguka" badala ya "kitu kinaanguka". Rula ile sijaisahau. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa chui.

Mwezi uliopita Bwana mdogo alileta mashine ya sinema. Tuliziba madirisha ya stoo ya masanduku matupu kwa magunia, tukatundika shuka ukutani, na Njoroge, fundi wa mitambo ya kiwandani, akapewa kazi ya kuiendesha mashine. Picha zenyewe hazisemi. Watu wanafungua vinywa bila sauti, halafu maneno ya Kiingereza yanatokea meupe kwenye giza, halafu watu wanarudi. Kazi yangu ni kusimama kando ya shuka na kuwaambia vibarua kinachosemwa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya wizi. Ilianza na mkono uliovaa glavu ukifungua dirisha polepole. Mkono tu, bila mtu. Mimi nilikuwa nimeitazama picha nzima siku moja kabla na kuandika kila kitu kwenye karatasi, kwa sababu sikutaka hata mtu mmoja apotee. Mkono ulipotokea tu, nikasoma kwa sauti: "Huu ni mkono wa daktari wa nyumba hii. Ataiba mkufu, atamwua mlinzi, na mwishowe atakamatwa ndani ya treni."

Nilidhani nimefanya vizuri.

Kisha mtu mmoja huko nyuma akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa tunangoja nini? Daktari si ameshashikwa?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakaanza kutoka, wawili wawili, watatu watatu. Kabla mkanda wa pili haujafungwa kwenye mashine, nusu ya masanduku yalikuwa hayana watu.

Bwana mdogo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia tu kwamba Jumamosi ya mwisho wa majaribio yangu kutakuwa na picha nyingine, na watu wakitoka tena, atajua tatizo si picha bali ni mkalimani. Mtu asiyeweza kufikisha picha kwa watu, alisema, atafikishaje amri zangu? Jumatatu yake nitapewa tiketi ya treni kutoka Lumbwa, nirudi kwetu.

Mama yangu ameshaliambia kanisa zima kwamba mwanawe ni karani.

Tangu siku ile vibarua wananiita Karani wa Treni. Nikipita katikati ya chai, mtu ananyanyua kichwa na kuuliza, "Karani, leo nani atashikwa?" Nami natembea haraka kana kwamba nimetumwa.

Picha mpya ilikuja kwa lori Jumatano. Alasiri hiyohiyo nilimwomba Njoroge tuitazame mwanzo wake peke yetu. Tuliitazama mara nne. Mara ya tano Njoroge akasema mashine itaungua, na mimi nikiungua pia hatakuwa na wa kumlaumu.

Naandika hapa jinsi inavyoanza, maana sijapata kuona kitu kilichonishika namna ile.

Kuna lango la mbao linalofunguka na kujifunga kwa upepo. Unaliona kwa muda mrefu kuliko unavyotaka. Kisha ngazi za nyumba, na juu yake nyayo za maji. Aliyepiga picha aliiweka mashine chini kabisa, kama macho ya paka, hivyo hujui nyayo ni za nini. Ni madoa tu yanayong'aa yakielekea mlangoni. Kisha ndani. Bakuli la maziwa sakafuni, tupu. Kiti cha kubembea kinabembea, na hakuna aliyekikalia. Taa inazimika. Kisha uso wa mtumishi wa nyumba, mwanamke mzee, anatazama kitu ambacho sisi hatuonyeshwi. Kinywa chake kinasogea. Ndipo yanatokea maneno ya kwanza ya picha nzima, maneno matatu ya Kiingereza: "It has returned."

Niliwaza sana usiku ule, na kesho yake asubuhi pia. Kwa nini naogopa kiti? Nyumbani kwetu kuna kiti na hakijawahi kunitisha. Nikaona kwamba picha inakuonyesha kazi na kukuficha mfanyakazi. Maziwa yamenywewa, nani ameyanywa? Kiti kimekaliwa, nani ameondoka sasa hivi? Kila mara wewe umechelewa kidogo. Na kwa kuwa hujaambiwa, unajaza mwenyewe, na kila mtu anajaza kwa kile anachokiogopa yeye. Hakuna mkalimani anayeweza kumtisha mtu kama mtu anavyojitisha.

Mimi mwezi uliopita niliuvua ule mkono glavu yake kabla haujagusa dirisha.

Basi nikaamua kwamba safari hii nitanyamaza mpaka maneno yale matatu. Lakini nikakwama hapohapo. Kiingereza kina lile neno dogo, "it", linaloweza kuwa mnyama, kitu, mzimu au mvua, nalo halisemi ni lipi kati ya hayo. Picha nzima imejengwa juu ya hilo. Karatasi iliyokuja na picha inaeleza kwamba mikanda miwili inapita kabla hujajua kwamba aliyerudi ni kaka wa mwenye nyumba, waliyemzika bila kuuona mwili wake. Kwa Kiswahili, nikifungua tu kinywa nimeshasema.

Nilimjaribu Njoroge. Nikasimama mbele yake kiwandani, nikapunguza sauti, nikasema, "Amerudi."

"Nani?" akasema bila kuacha kupaka mafuta. "Mume wa yule mama wa kwenye picha?"

Kwisha. Herufi moja tu mbele ya neno, na kila mtu anajua ni mtu.

"Kimerudi," nikasema.

Njoroge akageuka, akanitazama toka juu mpaka chini. "Kimerudi nini? Kikapu? Kijiko? Ndugu yangu, ongea kama watu."

Kiswahili changu ni safi, na kilikuwa hakinifai kitu. Alhamisi jioni nilianza kukunja nguo zangu. Sioni haya kuandika hivyo. Nilikunja mashati mawili, nikayakunjua, nikayakunja tena.

Hapa lazima niungame jambo kuhusu arap Koech.

Arap Koech ni nyapara wa wachumaji, mtu wa Boito, mwenye umri wa baba yangu. Yeye huleta habari za mashambani ofisini kila asubuhi. Kiswahili chake ni kile cha huku juu, ambacho kila kitu, kiwe mti, ng'ombe au mtu, kinabebwa na "i" moja tu. Wiki mbili zilizopita alisema mbele ya watu, "Karani, sanduku imeanguka," nami, bila kuulizwa, nikamwambia, "Nyapara, ni limeanguka."

Aliivua kofia yake, akaikung'uta maji, akaivaa tena. "Haya, Karani. Limeanguka," akasema. "Sasa inaokotwa na nani?"

Ofisi ilicheka, na haikumcheka yeye.

Jana Ijumaa, saa nne asubuhi, nilikuwa mezani nikijifanya naandika. Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa arap Koech, amelowa, ameegemea fimbo yake. Akaniangalia. Akasema kwa sauti ya chini:

"Karani. Imerudi."

Halafu akaanza kukwangua matope kwenye kisigino chake.

Nini imerudi? Nilimfikiria chui aliyebeba mbwa wa Bwana mkubwa, meneja wetu. Nikafikiria mvua ya mawe iliyopasua miche. Nikafikiria ule ugonjwa uliopita kule laini, kwenye safu za nyumba za vibarua, mwanzo wa mwaka. Yote hayo yalinijia kabla hajamaliza kisigino kimoja.

"Nini?" nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba. "Nini imerudi, mzee?"

"Nyumbu ya mizigo ya Bwana mkubwa. Ile ilikimbia," akasema. "Iko hapo nje inakula maua ya memsahib, bibi yake." Kisha akanikazia macho. "Karani, mbona uso imekuwa hivyo? Unaogopa nyumbu?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nini imerudi. Nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, na dunia haikuanguka. Na neno lile, lile ambalo ningechapwa kwa ajili yake, ndilo nililokuwa nalitafuta siku mbili. Kwa watu wa huku "imerudi" inaweza kuwa mvua, ng'ombe, homa, lori, au mtu. Halifungui mlango hata kidogo. Wanalitumia kila siku, na kila siku wanangoja kidogo waambiwe ni nini.

Nilitoka nje nikamtazama nyumbu kwa upendo mkubwa.

Leo, basi.

Saa nane stoo ilikuwa imejaa. Walikuja watu wa laini zote, na wengine walitoka mpaka njia ya Litein kwa kuwa walisikia kuna mkalimani wa kuchekesha. Nilisikia jamaa wa Sigowet wakiulizana kama karani wa treni ndiye huyu mwembamba. Bwana mdogo alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo angemhesabu kila anayetoka. Arap Koech alikaa mbele, juu ya sanduku, miguu imetanuliwa.

"Karani," akaita, na watu wote wakasikia, "hiyo bicha ya leo nani anakufa? Sema mapema, mimi niko na ng'ombe ya kukamua."

Kicheko. Nikasema, "Leo utangoja, mzee." Sijui nililitoa wapi jibu hilo.

Gunia la mwisho likashushwa, giza likaingia, na hapohapo mvua ikaanza juu ya mabati. Njoroge akawasha.

Lango likafunguka. Likajifunga. Likafunguka.

Sikusema kitu.

Kunyamaza kunachosha kuliko kusema. Zilipotokea nyayo za maji, vichwa vikaanza kunigeukia. Walikuwa wananingoja. Kutoka nyuma Bwana mdogo akakohoa. Kisha akaita kwa Kiingereza, si kwa upole, kwamba niwaambie watu wanachokitazama, ama silipwi kwa kazi hiyo?

Nilimsikia. Kila mfupa wangu ulitaka kumtii. Maelezo yote nilikuwa nayo, ningeyasema kwa pumzi moja na kila mtu angeelewa, na Jumatatu ningepanda treni.

Nikauma mdomo.

Bakuli likaja. Kiti kikaja, kinabembea. Na kwa kuwa hakuna aliyewaambia kitu, wakaanza kuambiana wenyewe.

"Nani amekalia hiyo kiti?"

"Hakuna mtu."

"Basi ni upepo."

"Upepo gani ndani ya nyumba, wewe? Kwenu upepo inakunywa maziwa?"

Hakuna aliyecheka. Taa ikazimika pale kwenye shuka, na mwanamke mmoja akavuta pumzi kwa nguvu. Uso wa yule mtumishi mzee ukajaa ukuta mzima. Kinywa chake kikasogea. Maneno meupe yakatokea, nami nikayaacha yakae, nikahesabu moyoni mpaka nne, na yalipoanza kufifia nikasema, si kwa sauti kubwa, kama mtu aliyesimama mlangoni na matope miguuni:

"Imerudi."

Nasema kweli, stoo yote ilirudi nyuma. Masanduku yalikwaruza sakafu kwa pamoja. Mtu akauliza kwa kunong'ona, "Nini?" na wengine kumi wakamwambia anyamaze. Kisha ikabaki mvua tu.

Nilitazama upande wa mlango. Hakuna aliyekuwa akiutazama. Bwana mdogo mwenyewe alikuwa ameinama mbele, kiko kimezima mkononi.

Kwa mikanda miwili nilisema maneno machache kuliko ninayosema ofisini kwa robo saa. Kila yule mtumishi mzee alipotaja kile kitu, nikasema "iko ghorofani", "imepita dirishani", "imesimama". Niliiruhusu "i" ifanye kazi yake. Jamaa mmoja wa Sigowet, mtu mkubwa mwenye mabega ya mbeba magunia, alikuwa amemshika jirani yake mkono, na jirani hakuuondoa. Arap Koech alikuwa amekusanya miguu yake yote juu ya sanduku.

Katikati ya mkanda wa tatu mlango wa ghorofani unafunguliwa, na mwanga unamwangukia mtu mwenye ndevu, amelowa, analia. Ndiye kaka wa mwenye nyumba. Mtumishi anapiga magoti. Maneno yanatokea tena, karibu yaleyale, ila safari hii Kiingereza kinasema wazi ni nani.

Nami nikavuta pumzi na kusema, kwa Kiswahili cha mwalimu wangu:

"Amerudi."

Arap Koech akaruka juu.

"Amerudi!" akapiga kelele. "Mmesikia? A-merudi! Ni mtu! Ilikuwa mtu wakati yote!"

Stoo ililipuka. Watu walipiga makofi, walipiga masanduku, walipigana migongo. Wanaume wenye watoto wanaooa walikuwa wanafuta macho na kuapa kwamba wao walijua tangu mwanzo. Jamaa wa Sigowet alimwachia jirani mkono na kumwuliza kwa ukali kwa nini alikuwa amemshika. Sikuwahi kuona herufi moja ikisikika namna ile. Watu wanaodhaniwa hawajui Kiswahili waliisikia wote, kwa mara moja, mpaka aliyekuwa nyuma kabisa.

Hakuna hata mmoja aliyetoka kabla ya mwisho.

Magunia yalipoondolewa madirishani, Bwana mdogo alinisubiri mlangoni. Akaniuliza ni hotuba gani niliyowapa pale mwanzoni, maana hakusikia vizuri kwa mvua. Nikamwambia ukweli, kwamba lilikuwa neno moja. Akacheka, akasema Jumatatu niandike barua ya kazi yangu mwenyewe na kumpelekea atie sahihi, na neno "majaribio" nisiliweke humo.

Nilisema asante mara tatu. Mbili zingetosha.

Arap Koech alikuwa amesimama chini ya paa la stoo, anangoja mvua ipungue. Ng'ombe wake sijui alikuwa na hali gani kwa saa ile. Nilimwendea. Nilitaka kuomba radhi kwa siku ya sanduku, na nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, lakini akaniwahi.

"Karani, hiyo neno ya kwanza ulitoa wapi? Ilinishika hapa," akasema, akagusa tumbo.

"Kwako, mzee. Ni yako. Niliipata jana kwako."

Akafikiri. Akatazama mvua. Akafikiri tena.

"Basi andika kwa kitabu," akasema. "Andika ni ya arap Koech. Mtu asikuje kesho kusema ni yake."

Nimeandika.

Sasa kule ukunguni vibarua wanaitana kutoka nyumba hadi nyumba. Mmoja anasema "Imerudi!" kwa sauti nzito, wanawake wanapiga ukelele, na wote wanaanza kucheka upya. Nimesikiliza kwa muda mrefu kuliko nilioutumia kuandika. Leo stoo nzima ya watu wazima, watu wanaopita msituni saa za chui bila hata kukaza mwendo, iliogopa. Na kuanzia neno lile mpaka katikati ya mkanda wa tatu, mtu pekee humo ndani ambaye hakuogopa nilikuwa mimi.

Tangu Jumatatu sijamaliza hata sahani moja ya chakula. Njoroge anagonga ukuta, anasema ugali umeiva na yeye si mke wangu wa kuniita mara mbili. Kesho ni Jumapili. Itakuwaje, sijui.

Sijui, na nina njaa sana.